Mama Aelezwe Kwanza

Katika kikundi chetu kanisani tuna desturi ya kutenga nusu saa kila Alhamisi, baada ya maombi, kwa ajili ya maswali ya afya. Sisi tulio wauguzi ndio tunaosimama mbele kuyajibu. Mengi ni maswali tuliyoyazoea: mtoto anayekataa kula, uji unaomfaa aliyetimiza miezi sita, homa zinazopanda usiku. Lakini liko swali moja linalorudi mara kwa mara, nalo huulizwa kwa sauti ya chini kama jambo la siri: "Hivi vyakula vya GMO, ni kweli vinatengenezwa ili watoto wetu wapate afya, au kuna jambo tunafichwa?"

Swali hili halifai kupuuzwa wala kuchekwa. Anayeuliza ndiye anayepika, ndiye anayemlisha mtoto, na mtoto akiugua ndiye anayekesha naye. Ana haki ya kujua kilichomo ndani ya chungu chake. Kwa hiyo tumeona vema tulijibu kwa marefu katika kurasa hizi, ili hata mama ambaye hana muuguzi jirani apate la kufikiri.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: chakula kipya kinaweza kuwa na heri kubwa ndani yake, lakini heri hiyo haimfikii mtoto mpaka mama yake aelezwe ukweli wote na akubali kwa hiari yake. Tutaonyesha hivyo kwa kisa cha mchele mmoja maarufu wa ng'ambo, kisha tutarudi hapa kwetu kwenye kiazi.

UGONJWA UNAOANZA JIONI

Kwanza tuelewe ni tatizo gani lililowafanya wataalamu wahangaike. Mwili wa mtoto unahitaji vitamini A. Ikipungua, dalili ya kwanza huonekana magharibi. Jua likizama, mtoto ambaye mchana alikimbia vizuri huanza kupapasa. Hujikwaa kwenye kigoda, hukosa mlango, huketi karibu na moto wala haendi walipo wenzake. Nyumbani watasema ni mwoga au ni mvivu. Wengine watasema amerogwa. Kumbe macho yake hayaoni tena kwenye mwanga hafifu.

Asipotibiwa, weupe wa jicho hukauka na kupoteza mng'ao. Pembeni hutokea mabaka meupe yanayofanana na povu la sabuni. Mwishowe kioo cha mbele cha jicho hulainika na kupata kidonda, hata kupasuka. Ikifika hapo hakuna hospitali itakayomrudishia mtoto jicho lake. Surua ikimpata mtoto wa namna hii, mambo yote haya huweza kutokea kwa siku chache tu.

Wala si macho pekee. Vitamini A hulinda ngozi laini za ndani ya mwili, yaani za utumbo na za njia ya hewa. Mtoto aliyepungukiwa huhara zaidi, huugua mapafu zaidi, na surua humuua kwa urahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka watoto kati ya 250,000 na 500,000 wenye upungufu huu hupofuka, na nusu yao hufariki dunia ndani ya miezi kumi na miwili baada ya kupofuka. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watatu walio chini ya miaka mitano alikuwa na upungufu wa vitamini A.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba wengi wa watoto hawa wanashiba. Wanakula ugali mweupe, wali mweupe, muhogo mweupe, viazi vyeupe. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa ambayo jicho la mama haliioni. Ndiyo maana wataalamu huiita njaa iliyofichika.

MCHELE WA RANGI YA DHAHABU

Huko Asia ziko nchi ambazo maskini hula wali asubuhi, mchana na jioni, tena wali mtupu wenye chumvi kidogo. Mmea wa mpunga hutengeneza beta karotini kwenye majani yake, ile rangi ya njano ambayo mwili wetu huigeuza kuwa vitamini A. Lakini ndani ya punje tunayoipika haimo. Tangu enzi, hakuna aliyepata mpunga wenye punje ya njano ambao angeweza kuuchanganya na mpunga wake ili apate mbegu bora.

Wataalamu wawili, Ingo Potrykus wa Zurich, Uswisi, na Peter Beyer wa Freiburg, Ujerumani, walijiuliza: je, kama tungechukua chembe za urithi, yaani vinasaba, kutoka kwenye kiumbe kingine kinachotengeneza rangi hiyo na kuzitia ndani ya mpunga? Wakachukua kinasaba cha ua la njano la Ulaya liitwalo dafodili, na kingine cha bakteria anayeishi ardhini. Baada ya kazi ya miaka mingi wakapata mpunga ambao punje yake iliyokobolewa ni ya njano. Habari hiyo ikatangazwa mwaka 2000, na ulimwengu ukauita Mchele wa Dhahabu.

Mchele ule wa kwanza ulikuwa na beta karotini kidogo mno. Mwaka 2005 ukatokea wa pili, ambao kinasaba cha dafodili kilibadilishwa kikawekwa cha mahindi. Huo ulikuwa na rangi hiyo mara 23 zaidi ya ule wa kwanza. Mwaka 2009 watafiti walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu wazima, wakaona kwamba mwili unaigeuza vizuri beta karotini ya mchele huo kuwa vitamini A.

Hapo tunasimama kidogo. Kitendo cha kuchukua kinasaba cha kiumbe kimoja na kukitia kwenye kingine ndicho kinachoufanya mmea uitwe GMO. Ni tofauti na kazi ya wakulima ya kuchagua mbegu, au ya watafiti wa kuchavusha ua la mmea mmoja kwa chavua ya mwenzake wa jamii moja. Tofauti hii tuikumbuke, maana huku kwetu watu huichanganya, na mchanganyiko huo unawaumiza watoto. Tutaliona hilo mbele.

Je, mchele huo ni sumu? Vyombo vya serikali vinavyokagua usalama wa chakula katika Australia na New Zealand, Kanada na Marekani viliupitia kati ya mwaka 2017 na 2018, na Ufilipino ikafuata mwaka 2019. Vyote vilisema ni salama kuliwa kama mchele mwingine. Na je, mkulima atalazimika kununua mbegu kila msimu? Wenye hataza walikubali kwamba mkulima mdogo wa nchi maskini, ambaye mapato yake hayafiki dola 10,000 kwa mwaka, aruhusiwe kuhifadhi mbegu na kuipanda tena bila kulipa ada.

Mama atasema: "Kama ni hivyo, mbona haukusambaa?" Ni kweli kazi ya maabara ilichukua muda, na sheria za nchi mbalimbali zikachukua muda mwingine. Wako waliopinga kwa sababu hawakutaka mbegu za wenyeji zichanganyike nazo. Wako waliohofia kwamba mchele huu ni mlango wa kuyaingiza makampuni makubwa mashambani. Lakini liko pia jambo moja ambalo sisi akina mama tunapaswa kulijua kuliko yote, nalo lilitokea China.

WATOTO WA HUNAN

Mwaka 2008, katika jimbo la Hunan, watafiti wa Marekani na China waliwapa mchele huu watoto wa shule zaidi ya ishirini, wenye umri wa miaka sita hadi minane. Walitaka kujua kama mwili wa mtoto nao unaupata faida yake. Matokeo yakachapishwa mwaka 2012, nayo yalikuwa mazuri: bakuli moja la wali huo lilionekana kumpa mtoto zaidi ya nusu ya vitamini A anayoihitaji kwa siku.

Kisha ukweli mwingine ukajulikana. Wazazi wa watoto wale hawakuelezwa bayana kwamba mchele uliopikwa ulikuwa umebadilishwa vinasaba. Waliposikia, walishtuka na kukasirika, kama ambavyo wewe na sisi tungekasirika. Maofisa waliohusika wakaadhibiwa, wazazi wakalipwa fidia, na mwaka 2015 jarida lililochapisha utafiti ule likauondoa.

Uchunguzi haukuona dalili kwamba watoto walidhurika. Wapo wanaosema: "Basi kosa liko wapi? Mtoto amekula chakula chema, hakuumwa, makelele ya nini?" Sisi wauguzi hatuwezi kukubaliana na maneno hayo. Mgonjwa anapokwenda kupasuliwa, hata kama daktari ana uhakika kwamba upasuaji ndio utakaomwokoa, tunamweleza kwanza kitakachofanyika, tunamsubiri aulize, ndipo anatia sahihi au dole gumba. Akiwa mtoto, tunamweleza mzazi. Tunafanya hivyo kwa sababu mwili ule si wetu. Tulikabidhiwa tuuhudumie, si tuuamulie.

Tena fikirini hasara iliyopatikana. Utafiti uliokuwa na habari njema kwa watoto wanaopofuka ukatupwa, na mashaka yakaongezeka duniani kote. Neno moja la ukweli lililofichwa kwa wazazi wachache liliharibu kazi ya miaka mingi. Aliyeogopa kumwambia mama ukweli, kwa kudhani kwamba atakataa, aliwapa akina mama wote sababu ya kukataa.

SHAMBA LILILONG'OLEWA

Nchini Ufilipino mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwezi wa Agosti 2013, katika mkoa wa Camarines Sur, watu walivamia shamba la majaribio la serikali wakaukanyaga na kuung'oa mpunga huo. Mwaka 2016 zaidi ya washindi mia moja wa Tuzo ya Nobel waliandika barua ya wazi kulisihi shirika la Greenpeace liache kuupinga. Julai 2021 Ufilipino ikawa nchi ya kwanza duniani kuruhusu mpunga huu upandwe na wakulima, na mwaka 2022 ukaanza kuvunwa. Lakini wakulima na watetezi wa mazingira wakaenda mahakamani, na Aprili 2024 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ikafuta vibali, ikisema usalama wake kwa watu na mazingira haujathibitishwa vya kutosha.

Hatuandiki haya ili kuamua nani ana haki katika kesi ile. Tunachokitazama ni hiki: tangu 2000 hadi 2024 ni miaka ishirini na minne. Mtoto aliyezaliwa mwaka mchele huo ulipotangazwa amekuwa mtu mzima, huenda naye ana watoto. Wakubwa wanapogombana shambani na mahakamani, jicho la mtoto halisubiri hukumu. Anayesifu mbegu mpya na anayeilaani, wote wanapaswa kujibu: leo jioni, huyu anayepapasa ukutani anakula nini?

HUKU KWETU

Katika Afrika Mashariki, watafiti wa Uganda wakishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Queensland, Australia, wamefanya kazi kama ile kwenye ndizi za kupika, ili ndizi ziwe na beta karotini nyingi. Walitumia kinasaba cha ndizi nyingine ya asili inayopatikana Papua New Guinea, ambayo nyama yake ni ya njano sana. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa kusimamia mazao ya aina hii Oktoba 2017, lakini Rais hakuutia sahihi, akaurudisha.

Hapa Tanzania majaribio yaliyojulikana yalikuwa ya mahindi ya kustahimili ukame, kule Makutupora, Dodoma, yaliyoanza mwaka 2016. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kuyasitisha.

Sasa tuje kwenye kiazi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa tunakohudumu, kiazi kitamu ndicho kinachotuvusha. Tunakila kibichi kimetoka shambani na kuchemshwa, tunakikausha kuwa michembe, tunakichemsha kisha kukianika kiwe matobolwa. Miaka mingi kilikuwa kiazi cheupe. Kisha kikaja kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, ambacho wengi wanakiita kiazi lishe, kwa majina kama Kabode na Ejumula.

Akina mama, tafadhali lisikilizeni hili: kiazi lishe si GMO. Rangi yake haikutiwa maabara. Ulimwenguni viko viazi vitamu vya rangi hiyo tangu zamani. Watafiti walivichavusha na viazi vyetu vinavyozoea ardhi na magonjwa ya huku, wakapanda mbegu zilizotokea, wakachagua iliyo bora, msimu baada ya msimu. Miongoni mwa waliotoa jasho lao ni Robert Mwanga wa Uganda. Mwaka 2016 yeye na wenzake Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza lishe ndani ya mazao. Kipande cha gramu 125 tu, yaani kiazi kimoja kidogo, cha aina nyingi za viazi hivi humtosheleza mtoto wa chini ya miaka mitano vitamini A ya siku nzima. Na huko Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wa vijiji vilivyopanda viazi hivyo walihara kidogo kuliko wengine.

BIBI NA MARANDO

Pamoja na hayo yote, tulishuhudia marando ya kiazi lishe yaking'olewa alfajiri, kama ule mpunga wa Ufilipino.

Mama mmoja kijana alikuwa amemleta hospitalini mtoto wa miaka miwili ambaye haoni jioni, na jicho moja lilikwisha kuanza kupata mabaka. Mtoto akatibiwa. Mama akarudi nyumbani na marando aliyopewa na mradi mmoja uliokuwa ukigawa mbegu, akayapanda kwenye matuta matatu. Wiki haikuisha, mama mkwe wake akayang'oa yote. Alikuwa amesikia gulioni kwamba viazi vya njano ni GMO, vimeletwa ili watoto wa Kiafrika wakikua wasizae.

Watu wa mradi walikuwa wamezungumza na vijana, wakagawa, wakaondoka. Hakuna aliyemkumbuka bibi, na shamba lilikuwa la bibi.

Tulikwenda watatu wa kikundi chetu. Tulimkuta ameketi akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Kama mmekuja kwa ajili ya yale majani, nimeyatupa. Sitaki kizazi changu kikatike."

Hatukubishana naye. Tulishika mahindi tukapukuchua naye. Tukamwambia, "Bibi, aliyeogopa kwa ajili ya wajukuu zake hana kosa. Tuulize unachotaka, tukijuacho tutakwambia."

Akauliza maswali ambayo hata mkutano wa wataalamu usingeuliza bora zaidi. Nani aliyekitengeneza kiazi hiki? Rangi hii imetoka wapi? Msimu ujao nitakata marando yangu mwenyewe, au mtataka ninunue? Na nyinyi wenyewe, watoto wenu wanakila?

Tulijibu moja baada ya jingine. Swali la mwisho tulilijibu kwa vitendo, maana tulikuwa na viazi vya kuchemsha ndani ya kikapu. Tulikula sisi kwanza. Bibi akatutazama, akachukua kipande, akasema ni laini mno, hakina unga kama cha kwake. Tukakubali, kwa kuwa ni kweli: aina nyingi za kiazi hiki zina maji zaidi. Hatukutaka kumsifia kitu kwa uongo.

Siku ile aliruhusu tuta moja tu. Alisema atakitazama kwanza. Msimu uliofuata alikuwa na matuta sita, na marando alikuwa akiwagawia majirani mwenyewe, tena akiwajibu wale wa gulioni.

Hatutasema kwamba kiazi ndicho kilichomponya mjukuu wake. Kilichomponya ni dawa ya vitamini A ya hospitali, aliyopewa siku ile ile, kesho yake, na tena baada ya wiki mbili. Kazi ya kiazi ni kumzuia asirudi alikotoka. Lakini kama bibi asingeelezwa, mtoto yule angetoka hospitalini na kurudi kwenye sahani ile ile iliyomleta.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Hatuhitaji kusubiri mchele wa Asia wala ndizi za Uganda. Haya yako mikononi mwetu leo:

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya kwanza, yale ya njano. Yana vitamini A nyingi, wala si machafu kama baadhi ya bibi zetu wanavyodhani.

Mpeleke mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Hapa kwetu hutolewa Juni na Desemba, pamoja na dawa ya minyoo kwa waliotimiza mwaka. Chukua kadi yake ya kliniki. Wa chini ya mwaka hupewa kidonge cha bluu, na mkubwa chekundu. Tunakata ncha kwa mkasi na kumkamulia mdomoni. Mama mwenye mimba asinywe vidonge hivyo, kwa maana dozi hiyo kubwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Mpe chanjo ya surua kwa wakati wake.

Jikoni usikose mboga za majani: matembele, majani ya maboga, mchicha, kisamvu. Tia kijiko cha mafuta, kwa sababu bila mafuta mwili hauwezi kuichukua beta karotini vizuri. Funika sufuria unapopika. Papai na embe bivu usiviuze vyote. Ukipata yai, maini au dagaa, sahani ya mtoto itangulie kabla ya ya baba.

Ukikausha kiazi lishe, anika kivulini penye upepo. Jua kali huiunguza ile rangi, na pamoja nayo faida.

Na ukimwona mtoto anapapasa jioni, usingoje. Mlete siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi.

MASWALI YA KUULIZA

Siku itafika ambapo mbegu mpya italetwa kijijini kwako, iwe GMO au isiwe. Usiikimbie kwa uvumi wa gulioni, wala usiipokee kwa sababu tu imeletwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Uliza: Imeongezwa nini, na kwa njia gani? Ni nani aliyeikagua mbali na yule anayeiuza? Nitaweza kuhifadhi mbegu yangu? Faida yake itabaki baada ya kukaa ghalani na kupikwa katika sufuria yangu? Nikikataa, iko njia nyingine ya kumlisha mtoto wangu?

Anayekujibu kwa utulivu, hata pale ambapo jibu halimpendezi, mpe sikio. Anayekasirika kwa sababu umeuliza, mwache apite. Na ukisharidhika, usikae na elimu hiyo peke yako. Mweleze mama mkwe, mweleze mumeo, mweleze jirani, maana chungu cha mtoto kina wenyewe wengi.

Kwa wauguzi wenzetu na wote wanaogawa mbegu na dawa, tuna neno moja. Mama anayeuliza sana hatupotezei muda. Foleni ikiwa ndefu na jua likiwa kali, ni rahisi kumwambia, "Wewe mshike tu mtoto afungue mdomo." Tusiseme hivyo. Dakika mbili za kumweleza zitamfanya arudi Desemba bila kuitwa, na pengine amlete na mtoto wa jirani.